Barua kwa Mwalimu wa Michezo

Daktari alisema anaweza kucheza. Nataka hilo lieleweke kabla sijasimulia nilichofanya. Alimtazama mdogo wangu, msichana wa miaka kumi na sita, akagusa chini ya mfupa wa bega lake la kushoto, pale ilipowekwa mashine ya kuendesha mapigo ya moyo, akasema, "Voliboli? Cheza. Mpira usikugonge hapa, na ukisikia kizunguzungu uketi." Basi. Mdogo wangu alitabasamu kutoka Nairobi hadi nyumbani Mitunguu.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, shahada ya takwimu, sina kazi, na nilikuwa na wakati wa kusoma kijitabu kilichokuja na ile mashine mpaka kurasa zikaanza kuachana. Tangu utotoni moyo wake ulipiga polepole mno. Aliwahi kuanguka shambani, akaanguka kanisani katikati ya wimbo. Sasa hakuwa akianguka tena, na hilo lilinitia wasiwasi zaidi, kwa sababu sikujua nitazame nini.

Nilikata kipande cha sponji ya godoro nikakishonea ndani ya fulana yake, kumkinga kifua. Nilikishona mara tatu.

"Naonekana kama nimebeba mtoto," alisema, lakini alikivaa. Jioni tulifanya mazoezi uani, kando ya migomba. Nilimrushia mpira taratibu.

"Tupa kama mtu amekula!"

Mama alikuwa akimenya ndizi mlangoni pa jikoni. "Mwache msichana," aliniambia. "Mashine ni yake, si yako."

Shule zilipokaribia kufunguliwa, niliona ni lazima mwalimu wa michezo ajulishwe. Mdogo wangu alisema atamwambia kwa mdomo. Sikuuamini mdomo wake, wala wangu. Nikaandika barua. Ya kwanza ilikuwa na mstari mmoja: daktari amemruhusu kucheza, mpira usimgonge kifuani, akipata kizunguzungu aketi. Ningeishia hapo. Lakini nikawaza, je, kama siku hiyo kuna mwalimu mwingine? Kama ataficha kizunguzungu ili asitolewe uwanjani? Kama atagongana na mwenzake? Kila swali lilizaa aya. Barua aliyobeba Jumatatu ilikuwa na kurasa mbili, na niliionea fahari.

Jumatano alirudi mapema.

"Nimetolewa."

"Umetolewa wapi?"

"Timu. Madam amesema nitakuwa naandika alama. Ati ni hatari."

"Nani amemwambia ni hatari?"

"Wewe."

Kesho yake alasiri nilienda shuleni. Mwalimu alikuwa kando ya uwanja, filimbi shingoni, barua yangu ndani ya daftari lake. Hakuwa mtu mbaya. Alinipa kiti chake, yeye akabaki amesimama.

"Wewe ndiye msomi mwenyewe? Keti." Akaikunjua barua. "'Huenda waya ukasogea.' 'Huenda asionyeshe dalili yoyote.' Huenda, huenda. Nimehesabu, ziko tisa. Mimi niko na wasichana arobaini hapa na sanduku moja la huduma ya kwanza, na ndani ni pamba na spiriti. Hizo huenda tisa nizipeleke wapi?"

"Lakini daktari amemruhusu, Madam."

"Hiyo umeandika wapi?"

Ilikuwa ukurasa wa pili, karibu na mwisho. Alisoma. Kisha akageuza karatasi, akanipa kalamu.

"Sawa. Andika hapa nyuma kwamba hakuna kitu kitamfanyikia akicheza. Weka sahihi. Anaingia saa hii."

Mdogo wangu alikuwa karibu na nguzo ya wavu, ameshavaa nguo za michezo, anatuangalia. Niliandika "Hakuna". Kalamu ikasimama. Nilikuwa nikifikiri kwamba hakuna anayeweza kuandika sentensi hiyo kuhusu mtu yeyote, hata kuhusu wale wengine arobaini. Ningemwambia hivyo. Ningeandika tu kwamba daktari amekubali, nikaweka sahihi chini ya hilo. Maneno hayo yalinijia nikiwa barabarani narudi nyumbani, yakiwa yamepangika vizuri. Pale kwenye kiti niliiweka kalamu juu ya karatasi.

"Unaona?" mwalimu alisema kwa upole, akachukua kalamu yake. Mdogo wangu aliiona ikirudi.

Nyumbani Mama alisikiliza yote. "Mimi ningeweka sahihi."

"Bila kujua kitakachotokea?"

"Kwani wewe unajua?"

Wiki iliyofuata nilipeleka barua nyingine, ile ya mstari mmoja. Mwalimu aliisoma akasema ni nzuri, tena sana, lakini ile ya kurasa mbili ilikuwa imeshaingia kwenye faili ya mwalimu mkuu, na huko haitoki. Nilimwomba mdogo wangu msamaha. Alisema si neno. Aliacha mazoezi yetu ya uani, na nilidhani ameukatia mpira tamaa.

Jumamosi moja nilikuwa nikipita nyuma ya soko. Vijana wanaopakia ndizi kwenye malori, wengi wao wageni kutoka mbali, walikuwa wamefunga kamba kati ya miti miwili wakicheza voliboli. Mdogo wangu alikuwa kati yao, na shati la kawaida, bila sponji. Hakuna hata mmoja wao aliyejua ana nini kifuani. Nilisimama. Ningeita mara moja tu, mchezo ungekwisha, wote wangejua, na hapo pia angefukuzwa. Nisingeita, basi ningebaki pale nikitazama.

Alicheza vizuri. Sikujua kwamba anaweza kuruka hivyo. Kisha mpira ulimjia kwa kasi, akageuka, ukamgonga bega. La kulia. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka.

"Huyo anakukodolea macho ni nani?" kijana mmoja aliuliza.

Mdogo wangu alinitazama.

"Simjui," alisema, akaenda kuuokota mpira.