Matairi mapana ya gari la Papa Kalenga

Kuna Alhamisi moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa Alhamisi nyingine zote za ujana wangu nimezisahau. Imenirudia tangu niliposikia kwamba umenunua kigari cha zamani cha viti viwili, kile cha kukimbia, na kwamba unazunguka kutwa sokoni ukitafuta matairi. Kaa kidogo. Soko halifungwi sasa hivi.

Shule mimi niliiacha mapema. Hakuna aliyenifukuza, nilikuwa tu na hamu ya kujua kilichoko nyuma ya kila ukuta. Nikaenda Likasi kubeba saruji, nikaenda Kasumbalesa kulinda malori, nikarudi Lubumbashi na viatu vilivyotoboka. Aliyenipokea ni Papa Kalenga, fundi mstaafu wa reli, mtu mnene mwenye sauti ya chini. Alinipa chumba nyuma ya jiko lake, katika mtaa wa Lubumbashi uitwao Kenya, na wala hatukuwa jamaa.

Uani kwake palikuwa na gari jekundu la viti viwili, fupi kwenda juu hivi kwamba kuku walilirukia na kulala juu yake bila shida. Alilinunua kwa mfanyabiashara mmoja Mgiriki aliyekuwa anahama mji. Kwa miaka mingi lilikaa juu ya matofali, na kila Jumapili baada ya misa Papa alifungua kitu kimoja, akakisafisha, akakirudisha. Binti yake Odile alipokuwa mdogo alimwahidi: siku ya ndoa yako nitakupeleka kanisani mimi mwenyewe, ndani ya gari hili, sisi wawili tu.

Sasa Odile alikuwa anaolewa Jumamosi. Injini ilikuwa imekubali kuwaka. Kilichobaki ni matairi, maana yale ya zamani yalikuwa yamekauka na kupasukapasuka kama udongo wa mwezi wa kumi kabla ya mvua.

Alhamisi hiyo Papa aliinama, akasoma kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, akakinakili kwenye karatasi.

"Leta hii hii, mutoto. Iko sawa na ya taxi, utaipata kila fasi."

Ya taxi! Mwanangu, neno lile liliniuma kana kwamba amenitukana mimi. Gari zuri namna ile livalishwe viatu vya teksi? Sokoni nikayapita mafungu ya matairi ya teksi bila kuyaangalia, nikasimama kwa mwuzaji aliyekuwa na manne mapana, meusi tii, yenye herufi nyeupe pembeni.

"Shefu," akaniambia, "hii iko ya course, ya kukimbia. Muntu ya akili anaiona mara moja."

Hakuna mtu aliyewahi kuniita shefu. Niliyachukua.

Nikayapeleka, pamoja na rimu za gari, kwa Mama Ngoie. Huyu alikuwa kwado, ndivyo tunavyowaita hapa kwetu mafundi wa matairi wa kando ya barabara, na kazi hiyo aliirithi kwa mumewe. Mikono yake ilikuwa na nguvu kuliko yangu, na ulimi wake pia. Aliyageuza yale matairi mara mbili, akisoma kipimo chake.

"Papa Kalenga alikupatia mesure gani?"

"Alisema nichague mwenyewe," nikamjibu. Karatasi ilikuwa mfukoni mwa shati, juu kabisa ya moyo.

Akachukua vyuma vyake. Akayafunga. Kwenye rimu zile nyembamba matairi yalivimba kama mashavu ya mtu anayepuliza moto wa makaa.

"Tukafunge ku motoka. Kisha utakunja volani mpaka mwisho, tuone kama tairi haigusi bati." Volani kwake ndiyo usukani.

"Mama, nitazifunga mwenyewe. Niko na haraka."

"Haraka ya kwenda wapi? We muntu hata kazi hauna!"

Nikacheka, nikaondoka. Jioni hiyo niliyafunga, nikaliendesha peke yangu, moja kwa moja hadi upande wa Ruashi na kurudi. Lilikwenda kama maji. Papa alipoyaona matairi aliuliza kama kipimo ni kile kile. Nikasema ndiyo. Akaniamini.

Ikafika Jumamosi. Misa ilikuwa saa nne, na baada yetu kulikuwa na ndoa nyingine, kwa hiyo padiri alikuwa ametuonya mapema tusichelewe. Papa aliingia na unene wake na suti ya kijivu. Odile aliingia na gauni lililojaa mpaka dirishani. Gari likashuka kwa uzito, bati karibu liguse matairi, nami nikaona, lakini nikajiambia si kitu. Nyuma yao tulikuwa magari saba na basi dogo moja la akina mama, wote wamevaa kitenge kimoja, Mama Ngoie akiwa miongoni mwao.

Unajua desturi yetu: msafara ukifika kwenye mzunguko wa barabara lazima uzunguke mara tatu kwa honi, ili mji ujue kuna ndoa. Papa alikunja usukani, akazunguka mara ya kwanza. Mimi nilikuwa gari la pili. Nikasikia kitu kinakwaruza chini ya zile honi. Mara ya pili ukatoka moshi na harufu ya mpira. Mara ya tatu tairi la mbele likasema paa! na gari likapiga magoti katikati ya barabara.

Hakuna aliyeumia, Mungu ashukuriwe, mwendo ulikuwa wa harusi. Lakini saa ilikuwa inakaribia nne. Mjomba mmoja akaja mbio: "Odile aingie mu taxi! Padiri hangojaka muntu!"

Odile akatoa kichwa dirishani, shela imekaa upande. "Mi nitaingia kanisa na Papa mu motoka yake, ao siendi. Muambie bwana yangu aningoje!"

Watu wakacheka. Papa hakucheka. Alikuwa ameshuka, ameshika ukingo wa bati la juu ya gurudumu, lile lililokula tairi, na nilivyomwona uso wake nilitamani barabara inimeze. Nikatoa ile karatasi, niliyokuwa nimeihamishia mfukoni mwa koti, nikamwekea mkononi.

"Papa, nilikudanganya. Hiki ndicho kipimo. Mama Ngoie naye nilimdanganya."

Aliitazama, akanitazama. "Mutoto," akasema kwa sauti ile ya chini, "kama ungeniambia jana, tungezitoa jana. Ni ile tu."

Mama Ngoie alikuwa tayari amefika, kitenge kimepandishwa magotini. "Ulipima motoka iko tupu, mu njia ya kunyooka! Leo iko na bantu babili, na inageuka! Vua koti, we shefu!" Sijui habari za ushefu alizipata wapi. Upande wa pili wa mzunguko kulikuwa na kwado mwenzake. Akampigia kelele, na yule akavuka na jeki, vyuma vyake na matairi mawili ya teksi, yaliyotumika kidogo, ya kipimo cha karatasi ile ile.

Nilifanya kazi nikiwa na shati jeupe, mbele ya wageni wote, Mama Ngoie amesimama juu yangu, akiyaahirisha ya nyuma hadi Jumatatu na kunitukana kwa mapenzi. "Za nyuma tutatoa Lundi, ile haigeukake! Kaza! Haiko chupa ya bia ile!" Akina mama wakashuka kwenye basi, wakaanza kuimba na kucheza wakilizunguka gari. Mzunguko mzima ulijaa. Madereva waliofungiwa njia wakapiga honi, kwanza kwa hasira, halafu kwa kufuata mwimbo. Odile alicheza akiwa ameketi, mabega tu.

Tulifika padiri akiwa mlangoni, anaangalia saa yake. Papa Kalenga alizima injini, akazunguka polepole, akamfungulia binti yake mlango. Nilimsikia Odile akimwambia, "Papa, ulisema na umefanya." Mzee akajifuta jasho la macho.

Basi, mwanangu, soma kipimo ubavuni na ukiheshimu, hata kama ni kile cha teksi. Aliyelitengeneza gari alijua nafasi aliyoiacha. Tafuta pia tarakimu nne zinazosema wiki na mwaka tairi lilipotoka kiwandani, kwa sababu mpira uliozeeka hupasuka hata ukiwa na meno mazuri. Ukishayafunga, waketishe ndani watu watakaopanda kweli, ukunje usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto, usikilize. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, wakati bado kuna nafasi ya kufungua nati. Aibu ya Alhamisi ningeibeba peke yangu. Ile ya Jumamosi niliwabebesha watu walionipenda.

Nenda sasa, fundi wangu. Mungu akupe barabara njema na watu wazuri wa kuketi kando yako, na wakufikishe ukiwa unacheka.