Gitaa Lenye Ua na Gitaa Lenye Mkia

Mwanangu, umeniuliza gitaa gani ununue kwa hizo fedha kidogo ulizo nazo, na nimekusikia unavyolisifu lile jekundu. Kaa basi, tafuna punje chache za kahawa, nikusimulie siku moja ambayo kila nikiikumbuka uso unanichoma mpaka leo.

Ilikuwa enzi za Waingereza, vita vimekwisha. Dada yangu Kokugonza alikuwa amechumbiwa na Petro, kijana wa kisiwa cha Bumbire aliyerudi kutoka jeshini na gramafoni na santuri moja ya Wagipsi wa Ufaransa, wale watu wa kuhamahama. Loo! Magitaa na fidla tu, ngoma hakuna, lakini miguu haitulii. Mpigaji mmoja kazi yake ilikuwa kuchapa nyuzi tu, cha-cha, cha-cha, na kuzinyamazisha papo hapo. Huyo ndiye aliyekuwa ngoma yao. Kokugonza aliipenda santuri ile hadi ikakwaruzika.

Sisi tulikuwa Walutheri, na wazee wa kanisa letu pale Kagoma walikuwa wamekataza ngoma harusini. Dada yangu akanijia mnyonge.

"Kaka, nitaolewa kama mtu anayezikwa? Nataka kucheza siku yangu."

Nikajipiga kifua. Nilikuwa najua kucharaza kidogo kwa gitaa la kuazima, basi nikamwahidi kwamba nitanunua langu, nitapiga kama wale Wagipsi, naye atacheza mpaka viatu viishe soli.

Nilipouza kahawa yangu nikapanda lori kwenda Bukoba mjini pamoja na jirani yetu, Ta Ishengoma. Hilo "Ta" ni heshima ya mwanamume mzima kwetu Wahaya, nanyi vijana mnalisahau. Mzee huyu alikuwa mpigaji wa nanga, ule ubao mrefu uliochongwa kama sinia na kuwambwa kamba, na masikio yake yaliogopwa.

Dukani yalining'inia magitaa mawili, bei zake zikikaribiana. La kwanza lilikuwa jipya, linang'aa, limechorwa ua kubwa kandokando ya tundu, na nyuzi zake za utumbo wa mnyama zilikuwa laini kwa vidole. La pili lilikuwa kuukuu, rangi imechujuka, limeachwa na karani aliyehama. Nyuzi zake zilikuwa za chuma. Zilipita juu ya kijiti cha kuziinua bila kufungwa hapo, zikaenda kushikwa na kipande cha chuma kilichokazwa mkiani kabisa.

Ta Ishengoma hakulitazama ua. Aliniambia niyapige yote mawili, yeye akatoka, akavuka barabara, akasimama akiwa ametugeuzia mgongo. Aliporudi akagusa lile kuukuu.

"Hili nimelisikia kule. Lile jingine linaongea na tumbo lako tu. Tena tazama, mwana wange. Nanga yangu kamba zimeshikwa miishoni, na hili hivyo hivyo. Lile la ua nyuzi zimefungwa kwenye kijiti kilichogundishwa kifuani. Siku ukilikaza, litabanduka."

"Ta, nanga na gitaa ni vitu viwili," nikamjibu. Ndiyo, nilimjibu hivyo mtu aliyepiga kamba kabla baba yangu hajazaliwa! Nikanunua ua.

Nyumbani nikakuta migomba inameza sauti yote. Kokugonza akisimama upande wa pili wa kibanja chetu cha migomba, hasikii kitu. Badala ya kukubali kosa, nikang'oa nyuzi za utumbo, nikafumua waya wa breki ya baiskeli, nikafunga huo. Sauti ikapanda, nami nikajiona fundi. Kumbe kifua cha gitaa kilikuwa kinavimba polepole, na mimi nalifuta vumbi lile ua.

Siku ya harusi wageni wakakaa, Petro akamshika dada mkono, nikachapa. Cha-cha, cha-cha. Kokugonza akainua mguu wa kwanza. Hapo hapo kijiti kikabanduka pamoja na kipande cha ua, kikarukia kwenye sahani ya ndizi ya mzee wa kanisa. Watu wakavunjika mbavu. Dada hakucheka. Alikaa chini, akanyoosha gauni lake, akabaki hivyo hadi walipomchukua kwenda ziwani kuvukia kwa mumewe. Nililia, sikufichi.

Ta Ishengoma hakunisema mbele za watu. Alikuja kesho yake, akalichungulia lile gitaa tumboni, akaniuliza, "Mwana wange, hili ulimnunulia nani?"

Jibu nakupa wewe leo. Niliwanunulia wasichana wa njiani, wanione nimelibeba.

Misimu miwili baadaye nikarudi Bukoba na kahawa yangu. Lile kuukuu lilikuwa bado linaning'inia, hakuna aliyelitaka. Nikalinunua, nikavuka kwa mtumbwi hadi Bumbire, nikakaa uani kwa Kokugonza, nikaanza kuchapa bila hata kubisha hodi. Akatoka na mtoto mgongoni, mikono imejaa magamba ya samaki. Alinitazama kwa hasira, lakini mguu wake ulikuwa umeshaanza. Akacheza, mwanangu, akacheza mpaka mtoto akasinzia. Sijawahi kufurahi vile tena.

Basi sikia. Kwa muziki wa Wagipsi fedha kidogo zinatosha, ila usinunue kwa sababu ya mapambo. Tafuta gitaa lililoundwa kwa nyuzi za chuma, linalozishika mkiani. Likiwa limetumika si neno, mradi shingo haijapinda na nyuzi hazikai juu mno hata zikakuumiza vidole. Mpe mwenzako alipige, wewe kasimame mbali. Na kabla hujatoa fedha, jiulize swali la Ta Ishengoma.

Kesho nitakwenda nawe. Macho yangu yamezimika, unajua, kwa hiyo hakuna ua litakalonidanganya. Nisimamishe ng'ambo ya barabara, kisha upige. Nikianza kutikisa mguu, lipa.

Mungu akupe mkono mwepesi na masikio ya kusikia wazee, na yeyote utakayemwahidi kwamba atacheza, acheze.