Mto wa Kona ya Darasa

Tangu nihame mji wa Mesquite nalala kwa dada yangu hapa mtaa wa Alief. Juzi alinituma kwa mara ya kwanza nikamchukue binti yake, Neema, shuleni. "Usiniaibishe," akaniambia.

Nikamkuta Neema ameketi peke yake kwenye mto wa kukalia, kona ya darasa. Shule niliiacha mapema, lakini kona naijua: ni adhabu.

"Umefanya nini wewe? Piga magoti, omba msamaha!" nikafoka.

Darasa zima likageuka.

"Nilikuwa na hasira, Mjomba. Nimekuja mwenyewe kutulia. Kona hii ni ya kazi hiyo."

Mwalimu akanitazama kwa huruma. Neema akainuka, akaupangusa mto.

"Zamu yako. Keti, pumua."

Nikaketi, magoti yakinigusa kidevu, wazazi wamejaa mlangoni.