Nambari ya Ombi la Aglaia Bârsan

Aglaia Bârsan ameosha ngazi za maghorofa ya mtaa huu wa mji wa Brăila kwa miaka ishirini na miwili, na sijawahi kumwona akijikunyata mbele ya mtu. Ukikanyaga sakafu mbichi na viatu vya matope utasemwa, uwe daktari, uwe jaji. Mimi nauza mikate dukani chini ya jengo la tatu, na nimesemwa mara nyingi.

Kila siku huja na basi la kwanza kutoka kijijini kwao, kilomita kumi na mbili. Mwaka ule mjukuu wake Mălina, ambaye mama yake analea wazee huko Italia, alitimiza miaka sita. Shule ya kijijini ilikuwa imebaki na chumba kimoja na mwalimu mmoja kwa madarasa manne. Aglaia alitaka aje naye mjini, asome katika shule inayotazamana na ngazi anazoziosha. Hakutaka kingine.

Sheria inasema shule ipokee kwanza watoto wa mitaa yake, nafasi zikibaki ndipo wa nje waombe. Huwa hazibaki, na sote tunajua kwa nini. Unamtafuta mwenye nyumba karibu na shule, mnakwenda polisi, anasema unakaa kwake, unagongewa muhuri wa makazi ya muda. Unampelekea kahawa na boksi la chokoleti, mambo yamekwisha. Nami nilifanya hivyohivyo, maana tunakaa mbali, upande wa pili wa mji. Kwa karatasi, mwanangu Sorin alikuwa akiishi kwa Bibi Ortansa wa ghorofa ya chini, mwanamke ambaye mtoto alimwona mara moja tu, tena dirishani.

Ortansa alimhurumia Aglaia, akamwita siku moja nikiwapo.

"Mwenzangu, twende polisi kesho. Nina watoto wanane wa karatasi, wa tisa atanizidishia nini?"

"Na mtoto nimwambie anaishi wapi?"

"Mwambie kwangu!"

"Mălina ana kitanda chake na bata wake, na njia ya kwao anaijua hata ukimfumba macho. Simfundishi uongo kabla hajajua kusoma."

"Ukaidi huo utakuponza, Aglaia."

"Acha uniponze," akasema, akabeba ndoo yake.

Siku ya maombi nilikuwa nyuma yake kwenye foleni, faili langu kifuani. Karani alipoona jina la kijiji akamwita mwalimu mkuu, Bi Vornicu.

"Mama, tumejaa. Leta karatasi ya makazi kama wenzako, tutaangalia."

"Nimeleta ombi. Lipokee, ligonge muhuri, unipe nambari."

Hapo Bi Vornicu akanuna. Karatasi isiyo na nambari kwetu ni kama haikuandikwa. Ikipata nambari, lazima ijibiwe kwa maandishi, na mtu aweke sahihi yake.

"Nambari ya nini, mama? Nimekwambia kwa mdomo."

"Mdomo nimeshausikia. Sasa niandikie kwamba nafasi zote hamsini zimechukuliwa na watoto wa mitaa hii. Ngazi zote za hapa naziosha mimi. Najua viatu vya kila mlango na kila baiskeli ya mtoto iliyofungwa chini ya ngazi. Wa kuanza shule mwaka huu ni kumi na tisa. Kwa Ortansa kuna paka na televisheni."

Nikaligeuza faili langu, jina lielekee kifuani.

"Unamshtaki nani?" Bi Vornicu akauliza. "Taja majina!"

Aglaia akageuka, akatutazama mmoja mmoja. Macho yake yakafika kwangu, na nakiri niliogopa kuliko nilivyopata kuogopa. Alijua wazi Sorin anakolala.

"Simtoi mtoto wa mtu darasani," akasema. "Namwingiza wangu. Nambari."

Akakaa kwenye kiti cha karani, mkoba mapajani. Wakamwambia atoke, akasema miguu inamuuma. Wakamwambia wataita mlinzi, akawakumbusha mlinzi ni mpwa wake. Saa sita karani akagonga muhuri na kuandika nambari.

Jibu la kukataa halikuandikwa, maana hakupatikana wa kulitia sahihi. Wiki ya tatu wakaomba wizarani kiti cha ziada, na Mălina akaandikwa kwa jina la kijiji chake.

Septemba walianza darasa moja, yeye na Sorin. Siku ya kwanza mwalimu aliuliza kila mtoto anaishi wapi. Sorin nilikuwa nimemkaririsha kiangazi kizima: jengo la tatu, ghorofa ya chini, kwa Bibi Ortansa. Nilipokwenda kumchukua alitoka amekasirika, hata mkono hakunipa.

"Mama," akasema mbele ya watu wote, "kwa nini Mălina anaruhusiwa kutaja kwao?"