Mchunga wa Rooty Hill na Nyuki Wadogo

Mimi nikisema najua kitu, najua. Ndivyo nilivyomwambia mama asubuhi ile nilipomwonyesha magugu ya nyuma ya nyumba yetu huku ughaibuni, Rooty Hill: "Mchunga huo, mama. Leo utakula."

Alikuwa na wiki tatu tangu afike kutoka Tanga, na sahani zake zilikuwa zinarudi jikoni karibu kama zilivyotoka. Kila chakula kwake kilikuwa kama pamba, hakina ladha. Jana yake alikuwa ameniomba nibadilishe tiketi yake arudi mapema. Niliumia, ila sikumwonyesha.

Kama mchunga wa kwetu, ile mboga chungu ya porini, majani yalikuwa na meno pembeni, ukiyakata yanatoa maziwa, na maua yake ya njano. Nitake nini tena? Kero ilikuwa vidudu vyeusi, vidogo kuliko punje ya mchele, vilivyojaa kwenye maua. Nikajua ni usubi, nikachukua dawa ya kupulizia.

"Wee, weka chini!" Mama alitoka mbio, pekupeku. "Utaua nyuki wadogo?"

Nilicheka. Nyuki gani mweusi hivyo? Akatega kidole, mmoja akatua, akaniletea hadi puani. Miguu ya nyuma ilikuwa imebeba chavua. Asali ya hao nyuki wasiouma nimelambishwa utotoni kila nilipokohoa, lakini wenyewe sikuwahi kuwaona. Nikairudisha dawa kabatini.

Jikoni nilichemsha majani, nikamwaga maji, nikachemsha tena, nikamwaga, kama tunavyoupunguza ukali wa mchunga, kisha nikatia tui la kopo. Mama alionja, akaweka kijiko chini.

"Maji umemwaga mara ngapi?"

"Mbili."

"Ulikuwa unakimbia uchungu gani? Huu si mchunga, mwanangu. Umefanana nao sura tu. Ladha yake yote umeimwaga."

Kwa hiyo mdudu asiye na sura ya nyuki ndiye nyuki, na jani lenye kila dalili ya mchunga si mchunga. Nilikasirika, na wa kumkasirikia nilikuwa mimi mwenyewe.

Mama alirudi uani, akachuma majani mengine, maua akawaachia wenyewe, nyuki. Akayakaanga na kitunguu, akatia tui, hakuchemsha. Alikula sahani mbili, akafuta mdomo kwa ncha ya kanga, kisha akaniuliza majani haya huota mpaka mwezi gani.