Bibi yangu na mzinga wa vita

Jamani nyie, leo Bibi yangu kayashinda makumbusho!

Nimempeleka kuona vitu vya vita vya zamani hapa Mpanda. Katikati ya bunduki na kofia za chuma kuna gogo refu lenye tundu, na kibao kimeandikwa: "Mzinga wa vita."

Dada anayetembeza wageni akatueleza jinsi ulivyokuwa unarusha risasi kubwa. Tukaitikia wote. (Mimi nilishapiga na selfi.)

Bibi, ambaye baba yake alikuwa mrina asali, akainama akalinusa lile gogo.

"Mwanangu, huu ni mzinga wa nyuki."

Nikamvuta kanga. "Bibi, tutafukuzwa!" Aibu niliyoiona, acha tu.

Akaingiza kidole kwenye tundu, akatoa nta.



Kisha dada mwenyewe akaangua kicheko, akachukua kalamu, akafuta "vita" akaandika "nyuki". Akasema atauhamishia chumba kingine.

Bibi akakataa. "Uache hapa hapa. Baba alipigana na nyuki wa mizinga kama huu kila msimu, na kila msimu alirudi kavimba uso."

Watu wa Katavi, nani anabisha?