Kitenge Chenye Sura ya Bosi

Mwaka 2014 bosi wangu aliamua kuwa mheshimiwa. Alikuwa Mnaijeria mwenye duka la vyakula vya Kiafrika hapo Louisville: viazi vikuu, samaki wakavu, mawese, kadi za simu. Namwita bosi, lakini hakuniajiri. Mchana nilikuwa nafunga maboksi kwenye ghala kule Jeffersontown, na kuanzia saa kumi jioni nilikaa na cherehani yangu kwenye kona ya duka lake, dirishani. Aliniachia kona ile bure kwa sababu, alivyosema, mwanamke akija kupimwa gauni haondoki bila samaki. Kiswahili alijua neno moja tu, "fundi", na alilitamka kama cheo cha jeshi; mengine yote tuliongea kwa Kiingereza. Niliipenda ile kona kuliko nyumba niliyopanga. Nilikuwa na ndoto ya kuacha ghala siku moja nishone tu.

Kwao alitaka kugombea kiti katika baraza la jimbo. Shida ni kwamba wenzake ndani ya chama walimtangaza kuwa hana watu: ameondoka siku nyingi, hata huko Amerika hakuna anayemjua. Hilo lilimuuma hasa. Akaagiza marobota mawili ya vitenge vyenye sura yake, kila sura kubwa kama sahani, anacheka kwa meno ambayo sisi dukani hatukuwahi kuyaona.

"Fundi, shona," akaniambia. "Tutapiga video ya watu wangu wamevaa. Ikitoka vizuri, ile kona ni yako, hata nikihamia kwetu."

Nilishona kama mwendawazimu.

Tulianzia Columbus, ambako aliahidiwa kuwa wenzake wa nyumbani watajaza ukumbi. Walikuja saba, wote na suti, kila mmoja na maoni yake. Wawili walikuwa wa chama kingine kabisa. Mmoja aliishika sketi, akausifu mshono, kisha akaniuliza kama ninayo isiyo na sura. Wakala wali wetu, wakaaga. Bosi alibaki kwenye kiti cha plastiki, na robota miguuni. Nilimwonea huruma, na mimi nikimwonea mtu huruma huwa naropoka.

"Bosi," nikasema, "kama ni watu tu, mimi ninao Buffalo."

Watu wenyewe walikuwa kwaya ya kanisa letu sisi Wakongomani, mtaa wa Kensington-Bailey. Mama yangu mkubwa, anayekaa Riverside, huko huko Buffalo, ndiye aliyeiongoza. Alipokea sketi, akaigeuza mbele na nyuma, akaigeuza tena.

"Bon, mutoto yangu," akasema. "Hii sura ingine inaangukia wapi?"

"Nyuma, mama."

"Donc mutu akikaa, anamukalia mukubwa. Kule kwetu, na kitenge ya président, walitupiga fimbo juu ya ile."

Nikamjibu kwa jeuri kwamba hapa ni Amerika, na isitoshe wataimba wamesimama. Nilijua anasema kweli. Kuweka sura zote mbele kungekula kitambaa kingi, nami nilitaka nguo zitoke nyingi. Kosa lilikuwa langu, na jeuri ilikuwa yangu pia.

Waliimba, jamani! Bosi aliwafundisha jina lake, wakalitia kwenye wimbo wa Kiswahili kana kwamba lilizaliwa humo. Kisha, kama kwaya zetu zote zinavyofanya zikikolea, wakageuka kwa pamoja, wakatupa mgongo, wakashuka chini taratibu. Kila sketi ilikuwa na bosi nyuma yake, na kila bosi alikuwa anacheka na kutikisika. Yeye mwenyewe alikuwa ameshika simu anarekodi huku machozi ya furaha yanamtoka, hakuona kitu. Aliituma video kwao papo hapo, kabla sijapata pumzi ya kumwambia.

Wapinzani wake walikata kipande kimoja tu, kile cha mgongo. Wakaandika chini yake kwamba hawa ndio watu wake, na pale ndipo walipomweka. Kipande hicho kilizunguka jimbo zima, kikafika hata vijiji ambavyo mgombea mwenyewe hakuvifikia. Kwenye kura za maoni za chama aliangushwa vibaya.

Alikuwa amekwenda kwao kwa kampeni; alirudi Louisville mwezi wa nne mwaka uliofuata. Aliwasalimia wateja wote, akaiangalia cherehani yangu kama mbwa aliyewahi kumng'ata, akapita. Wakati hayupo, mdogo wake, aliyemwachia duka, alikuwa amepanga maboksi ya viazi vikuu juu ya meza yangu, na bosi hakusema yatolewe. Basi nikawa nashona nimejibana ukutani. Mimi, ambaye hata mchungaji namjibu, sikuuliza neno. Niliogopa kwamba nikiuliza, nitajibiwa.

Mwezi wa sita ndipo aliponiambia sentensi ndefu. "Twende Buffalo. Nataka vitenge vyangu vyote. Nakwenda kuvichoma."

Tulimkuta mama mkubwa kwenye ukumbi wa kanisa pamoja na wanakwaya, amevaa ile ile sketi. Alikuwa amefumua mshono wangu na kuupanga upya, sasa sura zote mbili zilikuwa mbele. Na aliivaa wiki ile alipokwenda kula kiapo cha uraia! Mkononi alikuwa na fomu ya kujiandikisha kupiga kura, akamwekea bosi mbele.

"Wewe ndiye mutu tunajua alishagombea," akasema. "Tufundishe. Mimi nilipiga kura mara moja. Soldat alisimama hapa na bunduki, akanionyesha fasi ya kuweka kidole."

Nilitafsiri. Bosi akanijibu kwa sauti ya chini, "Waambie nimekuja kuchukua nguo."

"Anasema sawa," nikawaambia.

Walipiga vigelegele, kwa hiyo hakuwa na pa kutokea. Akavua koti. Nikaleta boksi la samaki kutoka kwenye gari la bosi, nikalitoboa kwa mkasi wangu, likawa sanduku la kura. Pazia la jikoni likawa chumba cha siri, na alisisitiza kwamba humo mtu anaingia peke yake, hata mumewe abaki nje. Wakahitajika wagombea. Mama mkubwa akamtaja yeye, na kuwa mpinzani wake akanitaja mimi, kwa sababu, alisema, nimeshamharibia mara moja. Ukumbi mzima ulicheka. Mimi sikucheka, na bosi hakucheka.

Kisha akahesabu. Alisoma jina lake, akasoma jina lake, akasoma jina lake. Mwanzoni alifanya mzaha, akijisifu kama mtangazaji wa mpira. Katikati sauti ilishuka. Mwisho alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu, nasi tukasubiri. Karatasi moja hakuisoma. Aliikunja akanipa mkononi. Ilikuwa imeandikwa FUNDI, kwa zile herufi kubwa anazoandikia bei ya samaki.

Vitenge hakuviulizia tena. Tulipokuwa njiani kurudi, tumeshaipita Columbus, akaniuliza nilimpigia nani.

"Wewe, bosi."

"Kesho," akasema, "mwambie mdogo wangu atoe viazi kwenye meza yako."